Kipimo cha haiba kisimpangie mwanao maisha

Maswali huwa ishirini au thelathini. Unapenda kukaa na watu wengi au wachache? Ukikosewa, unasema papo hapo au unakaa nalo moyoni? Ukipewa kazi, unaianza leo au unasubiri siku ya mwisho? Mzazi anayajibu kwenye simu akiwa ndani ya daladala kutoka Nyegezi kwenda mjini, na kabla hajashuka ameshapewa majibu. Yeye ni koleriki, mumewe ni flegmatiki, na mtoto wao wa pili, yule mkimya, ni melankoli.

Vipimo vya namna hii vimeenea. Vinasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, vinafundishwa katika semina za ndoa na za vijana, na wapo waajiri wanaovitumia wanapotafuta wafanyakazi au wanapowapa mafunzo waliopo. Havina ubaya kwa vyenyewe. Mtu anayejifahamu huishi vizuri zaidi na wenzake nyumbani na kazini. Shida huanza jibu la simu linapogeuka hukumu: huyu mtoto ni melankoli, kwa hiyo asisome biashara, huyu mfanyakazi ni mkimya, kwa hiyo hafai kuongoza.

Kwa mzazi wa Nyegezi jambo hili haliko mbali. Eneo hili la kusini mwa Jiji la Mwanza limezungukwa na vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) pale Malimbe, kilichoanza mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo ya jamii na kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Kuna chuo cha uvuvi, na Butimba jirani kuna chuo cha ualimu. Kila mwaka katika mtaa kuna mtoto anayechagua tahasusi, kozi au kazi. Mwaka 2024 njia ziliongezeka, Serikali ilipotangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano na kufanya jumla kuwa 65. Penye njia nyingi, mzazi hutamani apate kitu cha kumwonyesha moja. Kipimo cha haiba kinaonekana kama jibu la haraka.

Je, kinaweza kubeba mzigo huo?

Vilikotoka

Makundi manne yanayotajwa zaidi hapa nchini ni sanguini mchangamfu, koleriki anayependa kuongoza, melankoli anayefikiri sana na flegmatiki mtulivu. Asili yake ni tiba ya kale ya Ugiriki. Matabibu wa huko, wafuasi wa Hippocrates, waliamini kwamba mwili una majimaji manne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Galen, tabibu aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili, aliyahusisha majimaji hayo na hulka za watu. Aliyezidiwa na damu alihesabiwa kuwa mchangamfu, na aliyezidiwa na nyongo ya njano akahesabiwa kuwa mkali. Elimu hiyo ilipita pia kwa matabibu wa Kiarabu, na maneno kama balghamu na safura yaliyomo katika Kiswahili ni mabaki yake.

Tiba ya kisasa iliachana na majimaji hayo zamani. Hakuna daktari anayempima mtu nyongo nyeusi. Lakini majina yalibaki, na katika karne iliyopita yalipata uhai mpya katika mafundisho ya dini, hasa baada ya mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, kuchapisha kitabu chake kuhusu hulka nne mwaka 1966.

Kipimo kingine, kinachopendwa zaidi na kampuni, ni kile cha herufi nne kinachoitwa Myers-Briggs. Hiki kilianzia nyumbani. Mwaka 1917 mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, alikutana na mkwe wake mtarajiwa. Kijana yule alikuwa na namna ya kufikiri tofauti kabisa na ya watu wa nyumba ile, na mama akataka kuelewa kwa nini. Akaanza kusoma na kuwapanga watu katika makundi. Baadaye alikutana na kitabu cha Carl Jung, tabibu wa magonjwa ya akili wa Uswisi, kilichotoka mwaka 1921, akakifanya msingi wa kazi yake. Binti yake, Isabel Briggs Myers, ndiye aliyetunga maswali yenyewe wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akitaka kuwasaidia watu wapate kazi zinazowafaa. Mama na binti wote hawakuwa wamesomea saikolojia. Kipimo chao humweka mtu katika moja ya makundi 16.

Mwanzo huo unafaa kukumbukwa. Mama mkwe alitaka kumwelewa mgeni aliyeingia katika familia yake. Kwa nia hiyo kipimo kinaweza kusaidia. Kikitumiwa kuwapanga watu katika mafungu kama dagaa mwaloni, kinaumiza.

Kwa nini jibu huonekana kweli

Wengi hukiamini kipimo kwa sababu moja: "Kimenisema mimi kabisa." Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliijaribu hoja hiyo. Aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba. Baadaye kila mmoja alipewa karatasi yenye maelezo yake na kuombwa aseme yanamfaa kwa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulizidi 4. Kisha mwalimu akawaambia ukweli: wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, na alikuwa ameyatoa kwenye kitabu cha unajimu kilichouzwa mtaani.

Ukimwambia mtu kwamba ana moyo mzuri lakini watu hawamwelewi, nani atakataa? Maneno mapana humfaa kila mtu. Kwa hiyo kujiona ndani ya jibu hakutoshi kuwa ushahidi kwamba kipimo ni sahihi.

Udhaifu wa pili uko kwenye makundi yenyewe. Fikiria watu wote wa Nyegezi wakigawanywa kuwa warefu na wafupi kwa kuchora mstari katikati. Wawili wanaopishana sentimita moja wanaweza kuangukia pande mbili tofauti, ilhali mmoja wao ataitwa wa kundi moja na mtu anayemzidi kwa sentimita ishirini. Kwenye haiba ni hivyohivyo. Watu wengi hawako mwisho wa ukimya wala mwisho wa uchangamfu, wako katikati. Ndiyo maana wanaorudia kipimo cha herufi nne baada ya wiki chache, mara nyingi hubadilika angalau herufi moja. Kama herufi inabadilika kabla ya muhula kwisha, si busara kuitumia kuchagua masomo ya miaka miwili.

Kwa sababu hiyo, wanasaikolojia wengi watafiti hutumia njia nyingine, inayoangalia sifa tano kama vipimo vya mizani na si kama masanduku. Sifa hizo ni kupenda mambo mapya, umakini katika wajibu, uchangamfu kwa watu, upole na ushirikiano, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anazo zote tano. Kinachotofautiana ni kiasi.

Funzo kutoka Siaya

Hata njia hiyo bora ina mipaka, na ushahidi wake umepatikana karibu. Watafiti wa uchumi Rachid Laajaj na Karen Macours waliwahoji wakulima 960 wa Siaya, kaunti ya Kenya inayopakana na ziwa hilihili. Waliwapima uwezo wa kufikiri, ujuzi wa kilimo na haiba, kisha wakarudia maswali. Vipimo vya uwezo wa kufikiri vilifanya kazi vizuri. Vya haiba viliyumba. Sababu mojawapo ni kwamba watu wengi hukubali kila kauli wanayosomewa na mgeni, hata kauli mbili zinazopingana.

Mwaka 2019 Laajaj na wenzake walichapisha uchambuzi mkubwa zaidi, wa watu zaidi ya 94,000 waliohojiwa ana kwa ana katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Walikuta jambo lilelile: maswali yaliyotungwa na kujaribiwa zaidi katika nchi tajiri hayakupima kile yaliyodaiwa kupima.

Mzazi yeyote wa Kanda ya Ziwa anaelewa kwa nini. Mtoto aliyelelewa kuitika "ndiyo baba" na "ndiyo mama" akiulizwa na mtu mzima kama anapenda kufanya kazi kwa bidii, atajibu nini? Swali kama "Je, huwa unatoa maoni yako mbele ya wakubwa?" kwingine hupima ujasiri. Kwetu linaweza kupima adabu. Mtoto mwenye heshima akajikuta ameandikwa kuwa hana uthubutu.

Mtu mmoja, sura nyingi

Chukua mfano wa kondakta pale stendi ya Nyegezi. Kuanzia alfajiri anaita abiria, anatania, anabishana kuhusu nauli. Akirudi nyumbani jioni hataki maneno, anakaa na chai yake kimya. Je, ni mchangamfu au mkimya? Inategemea anaulizwa akiwa wapi. Kazi, njaa, uchovu na watu waliopo vyote huchangia namna anavyojionyesha.

Umri nao una nafasi yake. Wapo wanaosema tabia haina dawa. Lakini tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi zinaonyesha kuwa, kwa wastani, watu wanapotoka ujana kuelekea utu uzima huzidi kuwajibika na kutulia. Mtoto wa darasa la sita bado anajengwa. Kumpa jina la kundi leo ni kuchukua picha ya nyumba iliyofika kwenye lenta na kusema ndivyo itakavyokuwa.

Familia za Usukumani zenye Kulwa na Doto zinalijua hili. Tumbo moja, chungu kimoja, lakini watoto wawili tofauti. Zinajua pia hatari ya kuwapa sifa mapema. Kulwa akisemwa ndiye msemaji, ndiye atakayetumwa kwa wageni, atakayesimama kusoma kanisani, atakayepeleka ujumbe kwa mwalimu. Doto akisemwa ni mpole, ataachwa. Baada ya miaka kumi Kulwa ni msemaji kweli, na Doto haya zimemzidi. Familia itasema iliona tangu mwanzo, kumbe mmoja alipewa mazoezi na mwingine akanyimwa.

Jina linapoficha ugonjwa

Kwa upande wa afya, hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Hulka huonekana kwa muda mrefu. Mtoto aliyekuwa akicheza na kucheka, kisha akanyamaza ndani ya wiki chache, hajawa melankoli. Kuna kitu kimempata. Anaweza kuwa anaonewa shuleni, anafanyiwa ukatili, au ana sonona, ugonjwa wa huzuni ambao huwapata watoto pia. Huzuni, hasira za mara kwa mara, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula au kuacha michezo aliyoipenda, kwa wiki mbili au zaidi, ni sababu ya kumpeleka kwa mtaalamu.

Mtoto anayeitwa flegmatiki kwa sababu ni mzito kuamka na mzito kufuatilia darasani naye aangaliwe mwili kwanza. Katika mwambao wa ziwa kichocho bado kipo, na watoto wanaooga au kuchota maji ziwani wamo hatarini. Kichocho na minyoo vinaweza kumpunguzia mtoto damu, kumchosha na kumrudisha nyuma kimasomo. Malaria za kurudiarudia pia hupunguza damu. Mtoto huyo akiitwa mvivu wa kuzaliwa, atakosa vidonge ambavyo vingemrudishia nguvu.

Kuna pia asiyejibu akiitwa. Huenda hasikii vizuri, hasa kama amewahi kutoka usaha masikioni. Na yule asiyependa kusoma huenda haoni ubao. Vipimo vya damu, choo, mkojo, masikio na macho vije kabla ya kipimo cha haiba.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa watampa rufaa, na Hospitali ya Kanda ya Bugando hutoa huduma za afya ya akili. Kwa mtoto anayefanyiwa ukatili, au mzazi anayehofia hilo, Huduma ya Simu kwa Mtoto hupatikana bila malipo kwa namba 116.

Watu wazima nao hujificha nyuma ya majina haya. Baba anayefoka na kupiga, kisha akasema "mimi ni koleriki, ndivyo nilivyo", amelifanya jina kuwa kibali. Hulka inaweza kueleza kwa nini hasira humpanda haraka. Alichofanya na mkono wake ni uamuzi wake.

Kazini je?

Wasimamizi wa kipimo cha Myers-Briggs wenyewe wanasema hakipaswi kutumiwa kuamua nani aajiriwe na nani aachwe. Kilikusudiwa kumsaidia mtu ajielewe. Hata hivyo, kijana aliyemaliza chuo anaweza kukuta maswali ya aina hiyo katika usaili.

Mwajiri anayetaka mtu wa duka la dawa, shule au kiwanda cha sangara ana njia bora zaidi. Ampe mwombaji sehemu ndogo ya kazi yenyewe aifanye, na awaulize waombaji wote maswali yaleyale yanayohusu kazi hiyo. Mtu mkimya anaweza kuwa mhasibu, muuguzi au hata mwalimu mkuu hodari. Kazini huulizwa kama anaifanya kazi, na hilo huonekana akiifanya.

Kipimo kina nafasi baada ya watu kuajiriwa, kama kianzio cha mazungumzo. Timu ikigundua kuwa wenzao wawili hufikiri kwanza ndipo waseme, ajenda za kikao zinaweza kutumwa siku moja kabla. Ikigundua kuwa mmoja huchoka akikaa na wateja siku nzima, zamu zinaweza kupangwa upya. Hayo ni mabadiliko madogo, hayahitaji gharama, na hayamfungi mtu kwenye jina.

Mfanyakazi anayepewa fomu ya aina hii ana haki ya kuuliza mambo matatu kwa heshima: majibu yatatumika kwa kazi gani, nani atayaona, na je, yeye mwenyewe atapewa matokeo? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Sheria hiyo inagusa pia tovuti zinazoomba jina, umri na namba ya simu kabla ya kutoa "haiba yako". Taarifa za mtoto zisiingizwe huko.

Namna ya kukitumia nyumbani

Mzazi anayependa vipimo hivi hana haja ya kuviacha. Anaweza kuvitumia hivi:

Mjibu pamoja. Mzazi ajibu kuhusu yeye mwenyewe, mtoto ajibu kuhusu yeye mwenyewe, kisha mbadilishane. Mtoto akisema "mama, hapa si kweli, wewe huwa unakasirika", mazungumzo yameanza. Mzazi asiyeweza kusikia hilo bila kukasirika asianze zoezi.

Taja unachokiona, usitaje kundi. Badala ya "wewe ni melankoli", sema "naona ukitoka shule unapenda kukaa peke yako kwanza, ndiyo?" Kauli ya kwanza inamfunga mtoto. Ya pili inampa nafasi ya kueleza.

Rudieni baada ya miezi miwili. Majibu yakibadilika, mtoto ataona kwa macho yake kuwa yeye si herufi nne.

Mpe mazoezi ya upande wa pili. Mkimya atumwe dukani kuulizia bei, msemaji apewe kazi ya kumsikiliza bibi. Wasilazimishwe, wazoeshwe kidogo kidogo.

Kwenye tahasusi, kipimo kiwe cha mwisho. Kwanza matokeo ya masomo yake. Pili, anachokifanya bila kutumwa: anatengeneza redio mbovu, anauza karanga, anawafundisha wadogo zake. Tatu, maoni ya mwalimu anayemfahamu. Nne, saa moja na mtu anayeifanya kazi anayoiwaza, na Nyegezi watu hao hawako mbali, kuanzia mafundi na wauguzi hadi walimu na wavuvi. Baada ya hapo kipimo kikikubaliana na hayo, vema. Kikipingana nayo, hayo manne yana uzito zaidi.

Na kama bando limekwisha, zoezi halijaharibika. Wakati wa chakula cha jioni mzazi anaweza kumuuliza mwanawe swali moja: wiki hii ulifurahi siku gani, na ulikuwa unafanya nini? Kisha anyamaze, asikilize mpaka mtoto amalize.